Chuma na Yake Yote

Saa kumi na mbili jioni ndiyo saa mbaya kuliko zote ya kununua spea Ndeeba. Wenye vibanda wana haraka ya kufunga, macho ya mnunuzi yamechoka, na kwenye giza la kwanza hata chuma kilichooza huonekana kizima. Makokha alilijua hilo. Alikuwa Mbukusu wa Bungoma, miaka kumi na minne akiendesha teksi Kampala, na si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Lakini siku hiyo hakuwa na budi. Taa ya njano ya breki ilikuwa imewaka tangu asubuhi, na mvua ilipomkuta kwenye mteremko wa Naguru, magurudumu yalikwama, gari likateleza lenyewe mpaka ukingoni mwa mtaro. Nyuma alikaa Vera na mkoba wake wa shule. Vera, binti wa miaka kumi na mmoja, ndiye pekee aliyembakia Makokha duniani. Fundi wake, Odur, alitazama akasema moduli ya breki imekufa, kile kidude cha chuma na umeme kinachozuia magurudumu yasikwame. Atafute ya mtumba, kutoka gari kama lake lililokatwa, namba zifanane.

Na hapa lazima niseme habari za mama yake Vera, maana bila hizo utamwona Makokha mjinga tu.

Nafuna aliuza vitunguu Kalerwe. Miezi mitano nyuma, jioni kama hiyo, kifua kilimbana akiwa sokoni. Makokha alimkalisha kiti cha mbele akaondoka naye kwenda hospitali, upande wa Nsambya. Nafuna hakuweza kuvumilia mkanda kifuani, na gari likaanza kulalamika kama yanavyolalamika haya magari ya Kijapani abiria asipojifunga. Ting... ting... ting... Foleni haikusogea. Bodaboda zilipita kila upande. Ting... ting... Makokha, kwa woga, Mungu anajua ulikuwa woga tu, akamgeukia akafoka:

"Funga huo mkanda! Hiyo kelele itaniua!"

Nafuna akauvuta kwa mikono miwili, akaufunga. Kelele ikanyamaza. Makokha alidhani amelala.

Alipofika hospitali hakuwa na mtu wa kuteremsha.

Ulimi hauna mfupa, na neno likitoka halirudi. Tangu siku hiyo Makokha hakumruhusu mtu kukaa kiti cha mbele. Alikula kwa sababu Vera alimtazama. Usingizini alimwomba mkewe msamaha, na akiamka alikuta hajajibiwa.

Basi jioni hiyo akapita vibanda vya Ndeeba. Akapita wauza redio za kugusa kwa kidole, kamera za kutazama nyuma na taa za bluu zinazopendwa na vijana, akauliza moduli kila mahali. Ama namba hazikufanana, ama ilikuwa imefunguliwa na kubandikwa gundi. Mwisho wa mstari akafika kwa Sitti, mama wa Kinubi aliyerithi kibanda cha marehemu mumewe. Kibanda kilinukia moshi mtamu, ule wa udi na karafuu ambao wanawake wa Kinubi hujifukiza. Makokha alishangaa kidogo, maana spea hunuka oili.

Alimsalimu, akamwonyesha namba. Sitti akaisoma mara mbili. Akatazama chini ya meza, akatazama barabarani, akatazama tena chini ya meza. Kisha akainama, akatoa kitu kilichofungwa kwa kitenge. Namba zilifanana zote.

"Unachukua chuma peke yake," akauliza kwa sauti ndogo, "ama na yake yote?"

Kwa wauza spea, hilo ni swali la kila siku. Maana yake ni soketi na waya zake. Makokha hakufikiri mara mbili.

"Na yake yote, Hajati."

Sitti akaivingirisha tena moduli kwenye kitenge, akakaza fundo. Halafu akamkabidhi kwa mikono miwili, na kitenge chake, jinsi watu wanavyopokezana mtoto aliyelala.

*

Odur aliifunga kesho yake. Taa ya njano ikazimika, breki zikashika vizuri. Jioni Makokha alikuwa peke yake, anatoka kushusha abiria. Jua lilikuwa limezama punde tu. Alikuwa anafikiria kununua mkate.

Ting...

Akatazama dashibodi. Taa nyekundu ya mkanda. Upande wa abiria.

Ting... ting...

Akageuka taratibu. Kiti kilikuwa kitupu.

Makokha aliegesha pembeni. Mtu mwingine angeruka nje akaacha gari na funguo zake. Mfiwa si mtu mwingine. Alikaa akisikiliza, machozi yakaanza kumtoka kabla hajajua analia. Kisha akanyoosha mkono, akauvuta mkanda polepole juu ya kiti kile, akaufunga bila kuubana.

Kelele ikanyamaza.

"Nafuna," akasema. "Nisamehe. Nilikuwa naogopa."

Kitambaa cha kiti kilikuwa kimebonyea, na hakikuinuka mpaka alipofika nyumbani.

Ikawa hivyo kila jioni. Giza likianza kuingia, ting... ting..., naye anafunga mkanda kwa upole na kuongea. Alimweleza mkewe Vera amekuwa wa ngapi darasani. Alimweleza alivyomzika Bungoma na nani alikuja. Kila siku alimaliza na lile lile la msamaha. Akaanza kula. Akaanza kulala. Ni kweli palikuwa na ule moshi mtamu, uliozidi kadiri siku zilivyopita, na ni kweli kwamba pale Kalerwe, penye njia ya kuelekea mji wa Bombo, pedali ya breki ilimpiga chini ya wayo, tuku-tuku-tuku, kama kuna mguu mwingine unaisukuma kutoka chini, na gari likataka kusimama lenyewe. Makokha alijiambia kwamba Nafuna anakumbuka soko lake. Mfa maji haachi kutapatapa.

Wa kwanza kusema ukweli alikuwa Vera. Alisema kutoka kiti cha nyuma, walipokuwa kwenye foleni ya Kalerwe, na baba yake ameshamfungia mkanda yule wasiyemwona.

"Baba, huyo si mama."

Makokha alimwambia anyamaze. Mtoto hakunyamaza. Alisema mama alinuka kitunguu, hata siku ya kanisa alinuka kitunguu, na huyu hanuki hivyo. Alisema juzi aliposinzia alimsikia huyu akinong'ona, na haikuwa Kibukusu. Lilikuwa neno moja tu, analirudia.

"Anasema *be*, Baba. *Be... be...* Kama kondoo mdogo."

Makokha alihisi hasira, maana alikuwa ananyang'anywa mke mara ya pili. Alimjibu mtoto vibaya. Vera, ambaye alikuwa na kichwa kigumu cha mama yake, akapenya katikati ya viti, akafungua ule mkanda na kukaa mbele kwa nguvu.

"Mbona hakuna mtu," akasema.

Ting...

Mkanda ukaanza kusogea.

Wenyewe. Ulitoka ubavuni mwa gari taratibu, ukapita begani kwa mtoto, ukapita kifuani... Klik. Moshi mtamu ukajaa gari lote. Chini ya mguu wa Makokha pedali ikaanza kupiga, tuku-tuku-tuku-tuku, na gari lilikuwa limesimama.

"Baba..." Sauti ya Vera ilikuwa ndogo sana. "Ananikumbatia."

Mkanda ukakaza. Makokha alibonyeza kitufe chekundu, hakikuingia. Akabonyeza kwa vidole gumba viwili. Vera alikuwa anatafuta pumzi.

"Nafuna, mwache! Ni mtoto wako!"

Ukakaza zaidi.

Hapo ndipo Makokha alipojua. Nafuna aliyezaa kwa kisu, aliyelala sakafuni wiki nzima Vera alipougua surua, asingeweza. Huyu hakumjua mtoto wala hakumjua yeye. Miezi miwili alikuwa amemlilia mgeni.

*Be...*, ikasema sauti karibu na sikio lake. Ilikuwa ya mwanamke mdogo, aliyechoka kulia.

"Sawa," Makokha akanong'ona. Aliongea kama anavyoongea na abiria aliyepotea. "Sawa, dada. Niambie ni wapi. Nitakupeleka. Lakini mwache mtoto wangu."

Klik.

Mkanda ukaachia. Vera akamwangukia baba yake, na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

*

Hakusubiri kesho. Alimkuta Sitti amekwisha teremsha turubai, na Odur, ambaye gereji yake ilikuwa kando tu, ananawa mikono. Makokha hakuwa amesema neno. Gari lilipiga ting moja, na Sitti akakaa chini palepale kwenye oili, na gauni lake safi.

Alieleza kidogo, na hakueleza yote. Binti yake aliitwa Rahmah. Mwaka jana alikuwa anatoka Kampala na mumewe kwenda nyumbani kwao Bombo, kumwona yeye, mama yake, na gari halikufika. Watu wa mumewe walimzika siku ile ile, kwao, kabla mama hajapata habari. Lile gari likakatwa, vipande vikauzwa, na kipande kimoja kikafika mezani pake bila yeye kujua kilikotoka, mpaka jioni ya kwanza.

"*Be* ni nyumbani," akasema. "Kwa lugha yetu. Alikuwa analia chini ya meza hii, kila magharibi. Watu wakiuliza hiyo kitu nasema imeuzwa."

Makokha akamuuliza kwa nini basi alimpa yeye.

"Nilichoka, mwanangu." Hakumtazama. "Mama pia anachoka. Wewe ulisema na yake yote, mimi nikasema labda Mungu ameleta mtu."

Makokha alitaka kukasirika na hakuweza. Alimwambia jinsi alivyomwomba Rahmah msamaha miezi miwili akidhani ni mkewe. Sitti akalia kwa ajili yake, na yeye akalia kwa ajili ya Sitti, na Vera akasimama kati yao ameshika mkoba wa shule. Akauliza kama ni chuma kinachoshika watu namna hiyo. Sitti akajibu hajui kama ni chuma kinachoshika watu, ama ni sisi tunaokataa kuwaachia.

Odur aliifungua moduli. Sitti akaivingirisha kwenye shuka, akasema usiku huo huo atapanda nayo gari la Bombo, safari hii hatamwacha njiani. Wakaagana. Ule moshi mtamu ukaenda naye.

Makokha alikuwa anatazama lile tundu tupu chini ya boneti. Odur, kwa kutaka tu kumfariji, akasema ni bahati mbaya hana tena ile moduli ya zamani ya gari hili.

"Ile yako nilichomea ikapona, mzee. Nikampatia Mukongo mmoja, Hippolyte, wa mizigo. Lakini huyo mutu ni musumbufu. Kila wakati ananipigia simu, eti tangu nimfungie, alamu ya mukanda inalia jioni. Kiti hakina mutu. Nikamwambia hizo vitu hazijuani, kata waya."

Makokha alishika boneti.

Ile ya zamani. Iliyokuwa ndani ya gari hili siku ile, kwenye foleni ile. Nafuna, ambaye humu hakulia kwa kuwa alikuwa kwake, alikuwa ameondoka zamani, mikononi mwa fundi, na Makokha mwenyewe ndiye aliyesema moduli itolewe.

Odur alimpa namba. Simu iliita sana kabla ya mtu kupokea. Makokha alijitambulisha kuwa ni mwenye gari lililotoa ile spea, akauliza kwa adabu kama alamu bado inalia.

"Nilikata waya, papa," ikajibu sauti. "Muda mrefu nilikuwa naitukana kila jioni. Nikakata."

"Ikaacha?"

Upande ule injini ilikuwa inanguruma.

"Haijaacha. Sasa haiko alamu. Iko sauti ya mwanamuke... iko inaita mutu." Hippolyte akashusha pumzi. "Wewe jina yako ni nani, papa?"

"Makokha."

Akasikia mwenzake akisema jina la Yesu, kisha mlango wa gari ukifunguliwa kwa haraka. Simu ikakatika. Alipiga tena, na tena. Haikupatikana jioni hiyo wala siku zilizofuata, na Odur hakujua Mkongo huyo anakaa mji gani.

Siku hizi, jua likielekea kuzama, Makokha huenda pale yanapopakia magari ya Kongo. Huwasalimu madereva, akawaomba wawashe gari, kiti cha mbele kikiwa kitupu, kisha wanyamaze kidogo. Wengine humfukuza. Wengine humhurumia, wakawasha. Hapo huinama dirishani, akasema kwa Kibukusu kwamba ni yeye, amekuja, na hana haraka.