Mlango Uliokuwa Baridi

Maji yalipogusa milango ya stoo za kukodi zilizoshika moto yalichemka yakatoa mvuke, mlango baada ya mlango, mpaka stoo ya mwisho. Hapo yaliteremka kimya kimya kwenye chuma. Kobe, zimamoto aliyepewa jina hilo kwa kutambaa kwake taratibu, alivua glavu akaugusa mlango ule kwa mgongo wa kiganja. Baridi. Na ndani ya barakoa, ambamo hakutakiwa kunusa chochote, ikapenya harufu ya udi.

Nyuma yake shemeji yake alimshika kisigino. Ndivyo walivyofundishwa: kwenye moshi, wa mbele anashika mpira wa maji, wa nyuma anashika kisigino cha mwenzake, na hakuna kuachia, liwalo na liwe. Wenzao waliwacheka, eti wanacheza treni ya watoto. Wacheke tu. Asubuhi ile dada yake, mjamzito wa kujifungua siku yoyote, alikuwa amemwambia, "Kaka, mume wangu ni wewe uliyemwingiza kazi hii. Umrudishe mwenyewe." Naye akaapa.

Mlango wa baridi huachwa kama ulivyo, moto hauko huko. Lakini ndani kuligongwa, kisha mtu akakohoa.

"Shemeji, kuna mtu," sauti ya nyuma ilinong'ona.

Akaachia kisigino, akatambaa mbele kuuinua mlango. Kobe alipaswa kumzuia, maana mlango haufunguliwi kabla mkubwa wao aliye nje hajaambiwa. Hakumzuia. Huruma ilimponza.

Mlango ukapanda. Ndani giza totoro; shemeji akatambaa akapotelea humo, na moshi uliojaa kwenye ujia ukakomea kizingitini, haukuthubutu kuingia. Kobe akaita. Kimya. Alipoanza kuita tena, kisigino chake kilishikwa, akashusha pumzi, kumbe shemeji ameshatoka, akasema hamna mtu, turudi. Wakaufuata mpira mpaka nje, na njia nzima mkono ule ulimbana, baridi yake ikipenya buti nene hadi mfupani.

Nje mkubwa wao aliwahesabu, wakatimia. Shemeji alivua barakoa akatabasamu. Usoni hapakuwa na hata tone la jasho. Dada, aliyekuja mbio baada ya kusikia habari za moto, alilia kwa furaha, akaomba ruhusa, akaondoka naye. Moyo wa Kobe ulisita. Akajiambia ni uchovu.

Moto ulipozimwa alirudi kukunja mpira, akafika stoo ya mwisho, na mlango waliouacha wazi sasa ulikuwa umeshuka, na nyuma yake kuligongwa polepole, kwa unyonge, kama mtu anayegonga kwa kucha akiwa hana tena nguvu ya kukunja ngumi, kisha kukanyamaza, naye akaukamata kwa mikono miwili akauinua huku akilia.

Shemeji yake alilala kifudifudi, mtungi wake wa hewa umekwisha. Mwili ulikuwa bado na joto. Mkono mmoja alikuwa ameunyoosha mbele, vidole vimejikunja kwa ukubwa wa kisigino.

Simu ikaita mfukoni. Alikuwa dada yake, akinong'ona.

"Kaka, njoo. Amelala sakafuni, amenishika kisigino. Mkono wake ni barafu, na haachii."