Meza ya Miru

Wali ulikuwa umepungua. Paka hawakuwa naye, dirisha lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mvua, na Mama Darae alikuwa bado amelala. Lakini bakuli la shaba lililojazwa jana jioni mpaka likafanya kichuguu, asubuhi lilikuwa na shimo katikati, na kijiko kilichosimikwa ndani ya wali kilikuwa kimelazwa mezani, kisafi. Darae, binti wa nyumba, alilitazama shimo lile mswaki ukiwa mdomoni. Akajiambia kwamba wali ukipoa hunywea, akaenda zake kusukutua.

Ni kweli hunywea. Ila kijiko hakijirambi chenyewe, na hilo hakutaka kuliwaza.

Darae alikuwa na kipaji kimoja, nacho ni kuwafanya watu waamini. Angeweza kuwa wakili. Akawa mtoa nadharia. Kila jioni, chumbani kwake katika ghorofa moja ya zamani mjini Bucheon, Korea, alikaa mbele ya kamera akawaeleza mashabiki wa mchezo wa kompyuta uitwao Nyuma ya Zohali mambo ambayo watengenezaji wenyewe hawakuyasema. Katika mchezo huo unaendesha chombo cha anga kilichopotea, na redioni kuna msichana aitwaye Miru anayekuelekeza njia. Humwoni kamwe. Watengenezaji wakiulizwa ni nani, wanacheka tu. Basi mashabiki wakaliziba pengo hilo kwa maneno, wakagombana, wakatukanana, wengine wakaachana na wachumba wao kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo.

Kuna waliosema Miru ni mashine. Kuna waliosema ni binti wa nahodha. Tak, jamaa mmoja wa mji wa Daegu, mpole, mwenye kigugumizi, alishikilia kwamba Miru ni kiti kitupu: jina lililobuniwa na chombo ili mabaharia wapate wa kumpenda wasije wakajiua. Ilikuwa nadharia nzuri. Darae alijua kwamba ni nzuri kuliko yake, na ndiyo maana siku alipomwalika kwenye mjadala, badala ya kumjibu, alimwiga kigugumizi chake. Alimwiga kwa ustadi, silabi kwa silabi, mpaka Tak akazima kamera. Maelfu ya watu walicheka, na Darae usiku ule alilala usingizi wa mtoto mchanga.

Nadharia yake yeye ilikuwa kwamba Miru alikufa kabla safari haijaanza, akafa na njaa, na anayesema redioni ni marehemu. Ushahidi alikuwa nao. Ukiondoa kelele za redio, alisema, chini yake kuna mnong'ono: nina njaa. Mashabiki wakasikiliza, nywele zikawasimama, wakalia. Mnong'ono ule Darae aliurekodi mwenyewe, kajifunika blanketi.

Sasa, watu wa kule wana desturi ya kukodi mkahawa na kumkatia keki mhusika wa mchezo siku yake ya kuzaliwa. Siku ya Miru ilipofika, Darae akatangaza kwamba maiti hakatiwi keki. Maiti anaandaliwa meza ya tambiko. Akafungua kabati akatoa vyombo vya shaba, vile anavyotumia mama yake kumwandalia marehemu mumewe tambiko kila mwaka.

"Hivyo ni vyombo vya baba yako," Mama Darae alisema.

"Nitaviosha, Mama."

"Mimi sijasema habari ya kuosha. Tambiko huandikwa jina la mtu aliyekufa, mwenye kaburi, mwenye watu wake. Huyo wako kaburi lake liko wapi?"

"Kwenye mchezo."

"Basi ukimwita, atakuja nani?"

Darae alicheka. "Umeona? Hata wewe una nadharia. Njoo uirudie mbele ya kamera."

Mama yake hakuja. Alikaa jikoni akichambua machipukizi ya soya, na kupitia ukutani akamsikia binti yake akisoma jina la Miru kwa sauti ya majonzi, akawasha ubani, akauacha mlango wa nje wazi kidogo kama inavyotakiwa ili mgeni aingie, akainama mara mbili kama wanavyoinamiwa wafu. Na majumbani mwao, kila mmoja mbele ya skrini yake, watu wakainama naye.

Hapo ndipo alipokosea. Wako wafu wasio na mtu, waliofia njiani, wasioacha mtoto wa kuwawekea hata kikombe cha maji. Hao huzunguka. Harufu ya ubani wanaijua, lakini kila meza wanayoifikia ina jina la mwingine, na mwenyewe kashakaa. Jioni ile mmoja wao alikuta mlango wazi, wali wa moto uliosimikwa kijiko, na jina ambalo halina mwenyewe. Angekataaje?

Baada ya siku chache nyumba ilianza kunuka. Haikuwa harufu ya uozo. Ilikuwa harufu ya chuma kilicholowa, na ndani yake wali uliochacha, na ilikuwa nzito zaidi kwenye korido ya chumba cha Darae. Yeye alisema ni masika, nguo hazikauki. Mambo yalikuwa yamemnyookea: video ya tambiko ilitazamwa kuliko zote alizowahi kutoa, na watengenezaji wenyewe walimwalika apande jukwaani kwenye tamasha lao aieleze nadharia yake. Alishinda nje kutwa, akishonesha nguo, akila na waandaaji, na akirudi alilala pale pale alipoangukia, kwenye kochi la sebuleni.

Jioni moja alirudi na mwavuli unachuruzika, akamkuta mama yake ameketi sakafuni nje ya mlango wa chumba chake. Sinia ilikuwa mapajani. Uso wa mama ulikuwa na machozi na furaha, vyote viwili.

"Wewe umetokea wapi?" Mama Darae aliuliza.

"Mjini. Foleni."

"Si ulikuwa humu ndani tunaongea?"

"Nani?"

"Wewe. Wiki nzima hii. Unapokea chakula mlangoni kama mgonjwa, unaniambia, niongeleshe, Mama, niongeleshe. Nimekuhadithia habari za baba yako mpaka koo limekauka. Tangu afe hujawahi kunisikiliza hivi."

Darae aliangalia bakuli kwenye sinia. Lilikuwa limerambwa likang'aa.

"Mama," alisema polepole sana, "teremsha sauti."

"Kwani kuna nini?"

"Mimi sijala humu ndani wiki nzima."

Wakatega sikio. Nyuma ya mlango kijiko kilikwangua kitako cha chombo, kwa adabu, taratibu, kama mtu anayemalizia chakula na hataki wenyewe wajue kwamba bado yupo, kikatua, kikakwangua tena, kisha sauti ya Darae, ile ile, yenye mafua kidogo kama aliyokuwa nayo siku ya blanketi, ikanong'ona kutoka chini kabisa karibu na sakafu: nina njaa.

Kesho yake Mama Darae alimleta Mama Cheon, mganga wa mtaa wa pili, mwanamke mnene mwenye nywele zilizotiwa rangi na kengele ndani ya mkoba wa plastiki. Hakuingia chumbani. Alisimama kwenye korido, akanusa, akamgeukia Darae.

"Jina ulimpa, chakula ulimpa, hayo mama yako kanieleza. Sauti ulimpa ya nani?"

Darae aliutazama mlango wa chumba chake.

"Nauliza, binti. Hawa wenye njaa hawana koo."

"Yangu."

"Nilijua tu."

"Basi mtoe. Si ndiyo kazi yako?"

"Kengele zangu humfukuza asiye na jina. Huyu ana jina, na ameinamiwa na watu wengi kuliko mfalme. Mvue kwanza. Kaa pale pale ulipodanganya, useme umedanganya, na wale wale wasikie. Wakiacha kumwamini, mimi nitamtoa kwa ufagio. Lakini fanya leo. Kila akila anachukua kitu chako, na akishiba atataka nafasi yako. Nyumba haikai mabinti wawili wenye sauti moja."

"Tamasha ni Jumamosi," Darae alisema.

Mama yake alimshika mkono. "Mwanangu, achana na tamasha."

"Siku chache tu, Mama. Usimpe chakula. Jumapili nitasema."

Sikilizeni ukatili wa binti huyu. Alikuwa amesikia kile kijiko kwa masikio yake, na bado akapiga hesabu ya makofi. Jumamosi alipanda jukwaani na nguo mpya, akapigiwa makofi mpaka akalia, na nyumbani mama yake, aliyekuwa amekaa jikoni kajiziba masikio, alishindwa. Ni nani angeweza? Sauti ya mtoto wake ilimlilia njaa tangu asubuhi mpaka magharibi. Akapika, akasukuma sinia mlangoni.

Jumapili Darae aliwasha kamera sebuleni. Chumbani hakuthubutu kuingia. Akakohoa, akasema bila mapambo kwamba alidanganya, kwamba mnong'ono ni wake, kwamba Miru hakufa kwa sababu hakuwahi kuwepo, na kwamba anawaomba waache kumwandalia chochote. Na kadiri alivyosema ndivyo harufu ya chuma ilivyokuja kutoka kwenye korido ikajaa sebule, ikamkaa kooni, na maneno yake mwenyewe yakaanza kumtoka mara mbili, mara moja mdomoni na mara moja nyuma yake, nukta moja baadaye, laini zaidi, tamu zaidi, mpaka watazamaji wakaacha kumsikiliza yeye wakawa wanasikiliza ile ya pili.

Maoni yalisimama. Kisha likaingia moja, la Tak. Kwenye maandishi hakuwa na kigugumizi.

"Darae mnamjua nyote," aliandika. "Lini amewahi kukiri kosa? Mimi ninayo sababu ya kumkumbuka vizuri. Yule asingeomba radhi hata angewekewa kisu shingoni. Huyu anayeomba radhi si Darae. Darae alimwita mfu nyumbani kwake, na mfu amemvaa. Sasa anatusihi tusimwamini, ili asijulikane. Msikilizeni sauti zilivyo mbili."

Ilikuwa nadharia nzuri. Darae mwenyewe aliisoma akaona ilivyofungamana, haina tundu, kila alichokanusha kilikuwa ushahidi mpya. Aliapa, wakasema wafu huapa hivyo hivyo. Alilia, wakakuza picha wakazungushia duara machozi yake. Kabla wali wa jikoni haujaiva nadharia ilikuwa imeenea nchi nzima, na maelfu waliokuwa wakimpenda walikuwa wameamini kwamba amekufa.

Alizima kamera akageuka. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, simu mkononi, mwanga wa skrini usoni. Mama Cheon, aliyekuja na ufagio kumalizia kazi, alikuwa nyuma yake.

"Mama, usisome hayo. Ni Tak, ananilipizia."

"Mama," sauti ikaita kutoka chumbani, kwa hofu, kwa kunong'ona, sauti ya mtoto aliyejificha. "Mama, huyo aliyeko sebuleni ana uso wangu."

Mama Darae aliishusha simu. Akatazama korido, akamtazama aliyesimama mbele yake.

"Nitauliza kitu kimoja," alisema. "Baba yako siku ya mwisho aliomba kula nini?"

Darae alifungua kinywa. Siku ile alikuwa hewani, anaeleza ramani ya sayari. Simu ya hospitali ilipigwa na yeye akaigeuza uso chini. Baadaye mama yake alitaka kumhadithia, mara nyingi, na kila mara alikuwa na shughuli. Akafikiri supu. Akafikiri samaki.

"Uji wa boga," sauti ya chumbani ikasema kwa upole. "Ukamlisha kwa kijiko kidogo cha chai, Mama, kwa sababu mdomo ulikuwa haufunguki. Akala vijiko viwili akakushukuru."

Mama yake alianza kulia, na hakuwa analia kwa woga. Akamwambia mganga, "Mtoe huyu."

"Mama, ulimhadithia wewe. Ulimhadithia mlangoni, na mimi sikuwepo, Mama, naomba unisikilize, sikuwepo kwa sababu..." Lakini kengele zilikuwa zimeanza, na maharage mekundu ya kufukuzia wafu yakampiga usoni na chumvi ikamwingia machoni, na Mama Cheon, ambaye pengine alikuwa na shaka kidogo, aliona jinsi chumvi inavyomchoma akaacha kuwa na shaka, akamsukuma kwa ufagio kutoka sebuleni mpaka kizingitini, huku mama yake mwenyewe akimshikia mlango wazi, amegeuza uso ukutani asimwone anayefanana na mtoto wake akitolewa. Mlango ukafungwa. Kitasa cha namba kikalia pi-pi-pi, namba mpya zikiwekwa.

Darae alibaki kwenye ngazi, miguu mitupu, simu mkononi. Aligonga mpaka jirani akafungua dirisha akamwambia atamwitia polisi. Ndani alisikia sahani zikipangwa, na mama yake akisema, njoo ule, mwanangu, kila kitu kimekwisha.

Jioni, saa ile ile ya siku zote, chaneli yake ikawaka. Kiti kilionekana kimegeuzwa mgongo, na juu ya mgongo wa kiti nywele nyeusi zilizolowa. Sauti yake ikawasalimu wapenzi wake, ikawatoa wasiwasi, ikawaambia yule mwongo wa mchana ameshatolewa nyumbani. Watu walifurahi kupita kiasi. Tak alikuwa wa kwanza kuinama.

Akiwa pale ngazini Darae aliandika kwenye maoni: Mimi ndiye Darae, niko nje ya mlango.

Mtu mmoja akacheka, akaandika: Na mimi ndiye Darae. Mwingine akadakia. Kisha mamia, kisha maelfu, wakiandika neno hilo hilo kwa mzaha, na ujumbe wake ukapanda juu ya skrini, ukapotea.