Aliyesema Piga

Mkanda wa feni ulikuwa wa moto. Vidole aliugusa, akarudisha mkono upesi, akaugusa tena. Injini hiyo ya dizeli ilikuwa haijawaka miaka tisa. Pikapu yenyewe ilikaa nyuma ya gereji chini ya turubai, tangi kavu, betri haipo, panya wamezaana kwenye kiti. Akajiambia ni jua tu. Jua gani, na boneti ndiyo kwanza ameifungua!

Walimwita Vidole kwa sababu aliigusa injini kama mama anavyomgusa mtoto mwenye homa, na ugonjwa akautaja papo hapo. Ila enzi hizo gereji ilikuwa na fundi mkali kumshinda: kaka wa mkewe, mwenye pikapu hiyo. Wateja wakifika walimuulizia shemeji. Vidole aliwachekea huku roho inamuuma.

Gereji ile ilikuwa na sheria moja isiyochezewa. Aliyeshika ufunguo hapigi stata mpaka aliye chini ya boneti aseme mwenyewe, "Piga!" Siku moja, miaka tisa iliyopita, shemeji alikuwa ameingiza mkono kwenye feni ya pikapu hii, na ufunguo alikuwa nao Vidole. Mkanda ukadaka mkono wa ovaroli, feni ikamvuta. Hakufika hospitali. Msibani, kila aliyemuuliza Vidole alipewa jibu moja: "Nilisikia piga."

Sasa mkewe ndiye aliyeitaka pikapu.

"Gari la kaka yangu halitaozea pale kama takataka, baba watoto. Lifufue nibebee matofali. Na uliongezee nguvu."

Akalifufua. Alifumua injini yote, akaweka pistoni mpya na ringi mpya, akasaga vali, akabadilisha nozeli, akafunga na turbo ya kuongeza nguvu, kitu ambacho injini ile ya kizamani haikuzaliwa nacho. Kazi safi, msimnyime haki yake. Lakini kila asubuhi alikuta spana zimepangwa upande wa kushoto wa meza, kubwa mpaka ndogo. Yeye hakuwa mpangaji. Marehemu ndiye aliyekuwa akipanga hivyo, naye alitumia mkono wa kushoto.

Kisha ikaja harufu ya kitambaa kinachoungua. Na mchana mmoja, kompresa imezimwa, fundi wa jirani kaweka nyundo yake chini, Vidole akiwa ameinamia turbo kukaza bomba la mafuta, alisikia mle ndani ya chuma kilichopoa mtu anavuta pumzi, taratibu, kama mtu aliyebanwa kifua, na pumzi ile ikapanda bombani mpaka ikampiga shavuni ikiwa ya moto na yenye harufu ileile ya kitambaa, halafu ikageuka sauti aliyoizika miaka tisa kwa mikono yake mwenyewe: "Bado, shemeji. Bado."

Spana ikamtoka. Akakimbia mpaka barabarani, yeye mtu mzima na kitambi chake.

Kesho yake akaleta mganga, mama mmoja mnene asiye na maneno mengi. Mama yule alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akakirudisha.

"Huyu alikufa na neno mdomoni," akanong'ona. "Jini wa kisasi amelipokea. Siku ile ulisikia nini?"

"Piga."

"Nimekuuliza ulisikia nini?"

Vidole akatazama viatu vyake. Alikumbuka vizuri sana. Shemeji alipaza sauti, tena mara mbili: "Bado! Usipige!" Na yeye alisikia lote, mwanzo mpaka mwisho, akageuza ufunguo. Alitaka amuumize kidogo tu, apumzishwe mwezi, wateja wamzoee mwingine.

"Nilisikia piga, mama."

"Basi dawa yako iko nyumbani kwako. Mwambie dada yake ukweli kabla injini haijawaka. Usipomwambia, vidole hivyo siwezi kuviokoa."

"Ukweli gani?" Mkewe alikuwa mlangoni, kikombe cha chai mkononi.

"Achana naye, mke wangu. Anatafuta ulaji huyu."

Mkewe hakucheka. Aliweka chai mezani, upande wa kushoto, karibu na zile spana.

Siku ya kuwasha, mkanda ulikuwa umelegea kidogo. Vidole alimweka mkewe kwenye usukani.

"Shika ufunguo mkononi. Usiuchomeke mpaka niseme mwenyewe."

Akaingiza mkono. Mkanda, wa moto uleule, ukambana vidole kwenye puli, akavuta, havikutoka. Ndipo kutoka chini kabisa ya injini ikapanda sauti, na safari hii haikuwa ya marehemu. Ilikuwa yake mwenyewe, nzito na tulivu, sauti ya fundi aliyemaliza kazi:

"Piga!"

"Bado!" akapiga ukelele. "Usipige! Mama watoto, usipige!"

Akasikia ufunguo unachomekwa. Akasikia mkewe anavuta pumzi.

Injini ikawaka kwa stata moja.

Hospitali walimuuliza mkewe ilikuwaje. Akawajibu kwa upole, macho kwa mumewe aliyefungwa bandeji mpaka kiwiko:

"Nilisikia piga."

Walipobaki wawili, akaivuta shuka akamfunika vizuri.

"Na sauti zote mbili nilizisikia," akamwambia sikioni. "Kama wewe ulivyomsikia kaka."

Siku hizi Vidole anashinda kibarazani, na jina hilo hakuna anayemwita tena. Kila asubuhi mkewe anapanda pikapu kwenda kubeba matofali, anashusha kioo, anauliza kwa sauti ya mtu aliyezoea, "Tayari?"

Mume wake anaziba sikio moja, maana mkono wa kuzibia la pili hana. Na kutoka chini ya boneti, kila asubuhi, anajibiwa:

"Piga, dada."