Nusu ya Benchi

Haya hayakumpata mtu wa kusimuliwa. Yalimpata dada yangu wa tumbo moja, mchana kweupe, nami nikiwa chumba hichohicho na pini mdomoni.

Dada ni fundi cherehani. Mimi humtilia vifungo na kumalizia pindo. Cherehani yake ni ya mkono: kulia anazungusha gurudumu, kushoto anaongoza kitambaa. Mkono huo wa kushoto ndio uliotulisha tangu mama afariki. Ulikuwa unazungusha kola bila alama ya chaki, na wateja waliwapita mafundi wengine kuja kwetu.

Sasa mtu mwenye mkono kama huo, mvi zimeshaanza, siku moja anarudi nyumbani na piano! Kuukuu, nyeusi, imebebwa na wanaume wanne wanaozitukana ngazi. Alibadilishana kwa suti mbili na mteja aliyekuwa anahama. Mteja huyo alishukuru kupita kiasi.

"Uzee wote huu unataka kuwa mwanamuziki?" nikamuuliza.

"Ng'ombe hazeeki maini, mdogo wangu. Wewe tia vifungo."

Nililichukia dude lile tangu siku hiyo. Lilikula nafasi ya meza ya pasi, na lilinuka kama kabati lililofungiwa nguo mbichi.

Mwalimu wa muziki, mzee mstaafu wa mtaani kwetu, akawa anakuja Jumamosi alasiri. Alimfundisha dada kuhesabu vidole kuanzia gumba, kusoma nota kwenye mistari mitano, na kupiga kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto ukae pajani. Ndivyo alivyowafundisha wote wanaoanza: mwanafunzi anakaa nusu ya kulia ya benchi na kupiga wimbo, mwalimu anakaa nusu nyingine akimpigia besi. Siku mwanafunzi akiiva, mwalimu huinuka na kumwachia benchi lote.

Mwalimu akaugua, akalazwa. Dada hakuacha mazoezi. Kila baada ya chakula cha mchana alikaa palepale alipozoeshwa, akaiacha nusu ya mwalimu wazi. Akiwa na furaha aliupigapiga mto wa kukalia wa upande ule na kutania, "Karibu mwalimu, tuanze."

Nilikuwa jikoni naosha vyombo niliposikia anapiga kwa mikono miwili. Nilifurahi, sitaficha. Nikapaza sauti, "Hongera! Kumbe kushoto umeshaanza!"

Besi ikakatika.

Kesho yake nikachungulia mlangoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapiga. Wa kushoto ulikuwa pajani. Vibonyezo vya upande wa besi vilikuwa vinashuka na kupanda vyenyewe, kwa mpangilio, bila haraka. Na ule mto usiokaliwa na mtu ulikuwa umebonyea.

Dada akaniona, akaweka kidole mdomoni.

"Usiseme kitu," akanong'ona. "Hapendi watu."

"Nani?"

"Anafundisha vizuri kuliko mwalimu."

Nikamshika bega nimwondoe. Kibonyezo cha mwisho, kile cha sauti nzito kuliko zote, kikapigwa. Kikapigwa tena. Kikazidi kupigwa mpaka bakuli langu la vifungo likaanguka kutoka mezani. Nikamwachia.

Nilimwambia auze. Nilimwambia achome. Sikio la kufa halisikii dawa. Alikuwa anakonda, na akikosea nota upande wa pili ulimgongea kwa hasira mpaka arudie. Nilimwita mjinga, na mengine mabaya zaidi, kwa sababu niliogopa.

Mwalimu alipopata nafuu alikuja akijikongoja. Akamsikiliza dada, akatabasamu.

"Umeiva. Leo tunaanza kushoto." Akajivutia kiti. "Haya, sogea katikati."

Dada hakusogea.

"Sogea, mwanangu."

"Kuna mtu," dada akanong'ona.

Mwalimu akautazama mto. Tabasamu likamtoka.

"Ulimkaribisha?"

"Nilitania tu."

"Mshukuru. Mwombe ainuke. Kwa adabu."

Dada akaugeukia mto. "Asante, mwalimu. Sasa naweza mwenyewe."

Akaunyanyua mkono wa kushoto. Akauweka juu ya vibonyezo. Akabonyeza.

Havikushuka.

Akabonyeza tena. Ilikuwa kama kusukuma mlango ulioshikiliwa kwa ndani.

Kisha vikashuka vyote. Kwa pamoja.

Kifuniko cha piano kikauangukia mkono.

Sikusikia mfupa. Nilimsikia dada. Mimi na mwalimu tulikivuta kifuniko kile. Hakikuinuka. Tukavuta tena. Kisha kikaachia chenyewe, taratibu, na ule mto wa benchi ukanyooka. Aliyekuwa amekaa alikuwa ameinuka.

Hospitali wakapiga picha. Hakuna mfupa uliovunjika, hakuna mshipa uliokatika. Daktari akasema ni mshtuko, utapoa. Piano niliipasua mwenyewe kwa shoka, huku naitukana, nikaichoma uani. Nilifurahi kuiona inaungua.

Lakini mkono haukumrudia dada. Akiuweka kwenye kitambaa, haushiki. Unagonga meza ya cherehani, kidole kimoja baada ya kingine, kwa mpigo ule wa besi. Akiukandamiza, unaongeza nguvu. Siku hizi yeye anazungusha gurudumu, mimi naongoza kitambaa, na kola zangu ni aibu tupu. Wateja wamehama.

Wiki iliyopita nilikuwa namnawisha, maana mkono mmoja haukubali kumnawisha mwenzake. Ule wa kushoto ukatulia ghafla ndani ya viganja vyangu. Ukanishika. Ukakaza.

"Dada, unaniumiza."

"Si mimi," akanong'ona.

Nikautazama kwa karibu. Kwenye kidole cha pete ngozi ilikuwa imebonyea duara zima, laini, imepauka. Ni alama ya pete iliyovaliwa miaka mingi ikavuliwa juzijuzi.

Dada yangu hajaolewa. Wala hajawahi kuvaa pete.