Mkanda Uliokatwa Ribeira

Kipande cha mkanda wa kamera kilikuwa bado kimefungwa kwenye mguu wa kiti cha mgahawa, hapo Ribeira kando ya mto. Kamera yenyewe haikuwapo.

Inspekta Lurdes Vilaça alichuchumaa, akakitazama, akaguna. Wiki nzima alikuwa akihangaika na kamera. Watalii huziweka mezani kando ya sahani ya zeituni, hugeuka kuutazama mto Douro, wakirudisha macho hawaoni kitu. Kisha huja kituoni kumfokea yeye.

Lakini mama huyu Mholanzi hakuwa wa namna hiyo.

"Nilifanya kila kitu!" alisema Marijke Hoekstra. "Nikitembea, naivaa kifuani. Nikikaa, naifunga kwenye mguu wa kiti. Nimekwenda msalani tu, nikamwachia mume wangu ailinde."

Mume, Wouter, alikuwa amesimama nyuma yake, amelipakata begi lake kama mtu aliyebeba mtoto.

"Niligeuka kidogo kumtazama mpiga gitaa," alisema. "Yule mhudumu akaja kufuta meza. Akainama. Nilipogeuka, haipo."

Mhudumu mwenyewe alikuwa Zeferino. Lurdes alimfahamu vizuri, maana ndiye aliyemkamata miaka iliyopita, mkono ukiwa ndani ya pochi ya bibi mmoja kwenye tramu. Sasa alikuwa nje kwa masharti. Akipatikana na kosa lolote, anarudi gerezani kumalizia kifungo chake.

"Zeferino, usinichoshe. Iko wapi?"

"Sijui, Inspekta."

"Uliinama."

"Uma ulianguka. Ningeuacha chini?"

"Nani aliuangusha?"

"Huyo bwana."

"Nani alikuona ukiuokota?"

"Mimi nani hunionaga, Inspekta? Mpaka kitu kipotee."

Walipekua jiko, stoo, mapipa ya taka, hata ndoo ya magamba ya samaki. Hola, hawakuona kitu. Mfukoni mwa Zeferino mlikuwa na kisu kidogo cha kufungulia chupa za mvinyo, basi. Abílio, mwenye mgahawa, alikuwa akiwafuata nyuma akilalamika kwamba wateja wanakimbia.

"Nilimchukua kwa huruma, Inspekta. Ona sasa!" Akamgeukia Zeferino. "Vua hiyo aproni. Usirudi hapa."

"Bosi, sijaiba."

"Vua!"

Kituoni, Lurdes alimweka Zeferino mahabusu akawapeleka wale wenzi wawili kwenye chumba cha mahojiano, kisha akajifungia ofisini. Alikuwa amechoka, na kuna kitu kilikuwa kinamkera bila kukijua. Akachukua kile kisu cha mvinyo, akajaribu kukata kipande cha mkanda. Kitambaa kilichanika. Ndani yake kisu kikakwama. Akakandamiza mpaka kidole kikamuuma.

Waya wa chuma!

Alimpigia simu Bento wa maabara ya uchunguzi, akampelekea kipande kile. Jibu lilirudi upesi.

"Nyaya zimebanwa pande zote mbili, Inspekta. Hilo ni koleo, si kisu. Tena aliyekata ameng'ata mara kadhaa. Kuna alama za vidole kwenye kibano cha chuma cha mkanda, ila si za Zeferino."

Lurdes alikata simu, akajitukana kimoyomoyo. Mtu aliyebeba trei, mbele ya watu, hawezi kuinama akitafuna waya kwa koleo. Hiyo ni kazi ya mtu aliyeketi. Tena fundo lenyewe kwenye mguu wa kiti lilikuwa la kufungulika kwa vidole viwili. Kwa nini akate mkanda? Ili ionekane mwizi alipita.

Walikuwa wamepekua kila kitu isipokuwa mizigo ya walioibiwa.

Alirudi chumbani. Marijke alikuwa ameweka koti na mkoba wake sakafuni. Begi la Wouter lilikuwa bado magotini pake.

"Weka begi mezani, bwana."

"Liko sawa hapa."

"Mezani."

"Ni nguo tu."

"Basi tuzione nguo."

Wouter hakusogea. Lurdes akalichukua mwenyewe, akafungua zipu. Akatoa sweta zito. Ndani yake mlikuwa na kamera. Chini yake, koleo jipya, kibandiko cha duka bado kimeshika.

"Wouter?" Marijke alinong'ona.

"Ningeitupa mtoni."

"Kwa nini? Nimekukosea nini?"

"Tangu tufike hujanitazama hata mara moja! Nikisema kitu, unaniambia nisogee, nakukingia mwanga. Nikikwambia tuutazame mto, unasema tutautazama nyumbani, kwenye picha."

"Si ndiyo maana napiga? Tuje tuone wote?"

"Utaona wewe." Alijifuta uso kwa kiganja. "Daktari amesema macho yangu yanakufa, Marijke. Pembeni pameshaanza kuwa giza. Nilitaka kukwambia hapa, tukiwa tumekaa, unanitazama. Kila nikifungua mdomo, unainua kamera."

Marijke aliinua mkono kumshika, ukaishia hewani.

Lurdes angeweza kumhurumia. Karibu amhurumie.

"Na Zeferino?" aliuliza.

"Nani?"

"Mhudumu uliyemnyooshea kidole."

"Sikujua jina lake. Nilihitaji mtu tu. Nilidhani mtamhoji kisha mtamwachia."

"Angerudi jela, bwana. Kwa ajili ya ugomvi wako na mkeo."

Wouter aliinamisha kichwa. Lurdes akamsomea shtaka la kutoa taarifa ya uongo kwa polisi, sauti yake kavu, kisha akaenda mahabusu kufungua mlango.

"Umeachiwa. Kamera alikuwa nayo mume."

Zeferino hakucheka wala hakushukuru. "Mliniambia nikiacha kuiba, mtaniacha. Mimi nimeacha, Inspekta. Nyinyi mtaacha lini?"

Lurdes akachukua funguo za gari, wakaenda pamoja mpaka mgahawani. Akasimama mlangoni, akasema kwa sauti iliyofika meza ya mwisho:

"Zeferino hakuiba! Nilikosea mimi."

Wateja wakageuka. Abílio aliendelea kufuta glasi yake, bila kuinua macho.

"Sawa, Inspekta," alisema. "Lakini nimeshapata mtu."