Askari Aliyepewa Jina la Salhiya

Mahfoudh alikuwa kaka wa mke wangu Salhiya. Alikaa Kikwajuni na mama yao, Bi Shaima, na kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta. Kwa mapenzi yake tu, alikuwa akiandika mtandaoni maoni yake kuhusu michezo ya zamani ya kompyuta.

Ijumaa moja, baada ya sala, tulikula kwao. Bi Shaima alikwenda kupumzika. Salhiya aliingia jikoni kupika chai. Mimi nikasimama mlangoni mwa chumba cha Mahfoudh, namtazama akicheza.

Mchezo ule ulikuwa na zaidi ya miaka ishirini. Viumbe wa sayari nyingine wamevamia mji, na mchezaji anawaongoza askari wake, kila upande ukingoja zamu yake. Mahfoudh alinisomea yaliyoandikwa juu yake. Wahakiki waliusifu mpango wa vita, lakini waliwaponda wale viumbe: hawana akili, wanasimama tu wameelekea ukutani mpaka zamu inapita.

Wachezaji wa siku nyingi walisema vingine. Mmoja aliandika: "Hawasimami bure. Wanasikiliza. Usiwape askari majina ya watu wa kwenu."

"Watu wanapenda kutia chumvi," alisema Mahfoudh. Akampa askari wa kwanza jina la dada yake.

Zamu ya pili, kiumbe mmoja aligeuka kutoka ukutani. Yule askari hakufa. Maandishi yalisema amechukuliwa.

Nyuma yangu, vikombe vya chai viliacha kugongana.

Niligeuka. Salhiya alikuwa ukumbini. Sinia ameiweka chini. Ameuelekea ukuta, paji la uso linakaribia kugusa chokaa.

"Salhiya."

Hakuitika. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu.

"Zamu bado," alinong'ona. Kifua chake hakikupanda wala kushuka.

Nilirudi mlangoni. "Zima hiyo kompyuta, Mahfoudh."

"Nikizima, ntamrudishaje?" Aliyarudia maoni ya wachezaji, moja baada ya jingine, hadi akafika chini kabisa. Akasoma polepole: "Viumbe humrudisha mmoja ukiwaachia mwengine."

Tulitazamana.

Alichagua askari wa mwisho, akaandika jina lake mwenyewe. Niliona kila herufi. Ningeweza kuuvuta ule waya. Ningeweza kumshika mkono. Nilimfikiria mke wangu, nikanyamaza.

Alimsogeza askari mpaka mbele ya viumbe. Akamaliza zamu.

"Naam," alisema Salhiya nyuma yangu, kama kwamba nimemwita sasa hivi. "Mbona chai imepoa?"

Niligeuka kumtazama. Pumzi mbili tu. Nilipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu.

Chumba kile kina mlango mmoja, nami nilikuwa nimesimama hapo hapo mlangoni. Dirisha lina nondo. Nilimwita Mahfoudh kwa sauti ndogo, Bi Shaima asije akaamka. Skrini ilikuwa nyeusi.

Mwaka wa pili huu. Polisi walitafuta, hawakupata kitu. Salhiya ananiuliza nini kilitokea, na mimi hujibu kwamba sikuona. Bi Shaima hataki khitma isomwe. Anasema mwanawe yu hai, na chumba chake kibaki kama alivyokiacha.

Kwenye meza, mbele ya kompyuta, tuliikuta mistari minane, imechimbika ndani ya mbao ya mninga. Imeanzia ukingoni, alipokuwa amekaa Mahfoudh, na kuishia chini ya skrini, kama alama za vidole vya mtu anayevutwa. Bi Shaima aliifunika kwa kitambaa.

Juzi alinituma nikakung'ute vumbi. Nikakifunua kile kitambaa.

Mistari sasa ni kumi na sita. Ile mipya imeanzia kwenye skrini, inakuja huku.