Majibu Saba Aliyofichwa Ezechiel

Upepo wa Agosti ulizipeperusha karatasi za Ezechiel kutoka mlangoni mwa duka la fotokopi, katika soko la Kawale, hadi miguuni mwa msichana aliyekuwa akishona nje, kitenge cha manjano mwilini, futi ya kupimia shingoni. Orpa akaziokota. Ya tatu akaanza kuisoma.

"We njo uliandika hii?"

"Mi njo niliandika."

"Basi leta zingine. Nataka kujua kama uyu mama alivuka ziwa."

Wakapendana. Ezechiel, Mkongo mwenzake kutoka Fizi, alikuwa mwalimu wa kujitolea katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na riwaya yake nzima ilikuwa kwenye madaftari ya shule. Orpa aliichapa kwa simu yake, kati ya gauni na gauni, akaituma kwa wachapishaji kwa barua pepe yake mwenyewe, maana Ezechiel alikuwa na kisimu cha vitufe tu. Kila Jumapili Ezechiel alimpigia.

"Chérie, bamejibu?"

"Bado, mupenzi. Bantu ba vitabu banasomaka polepole."

Mwaka na nusu ukapita. Siku moja Orpa alimwachia simu asikilize muziki, yeye akaenda kumpima mteja. Ezechiel akayaona majibu. Saba, yote ya kukataa.

"Ulinificha."

"Niliogopa utaacha kuandika. Nilisema nitakuonyesha siku jibu zuri likikuja."

"Orpa, mi si mutoto."

Akaondoka. Hakulia, wala hakukasirika. Aliacha tu kuandika. Alifundisha, alikula ugali wa nsima bila kujua ilikuwa na mboga gani, alilala, aliamka. Simu ikiita, aliitazama mpaka inyamaze. Miezi mitatu.

Jumanne moja kabaza, baiskeli ya abiria, ilisimama nje ya darasa lake. Orpa akashuka, gauni la bluu limejaa vumbi hadi magotini.

"Nairobi bamekubali kitabu," alisema. "Jibu limekuja asubui hii. Sikukaa nalo hata saa moja."

Leo jina la Ezechiel linajulikana nchi nyingi, na wasomaji humwuliza alifurahi vipi siku ile. Hakusikia kitu moyoni. Ilikuwa kama habari ya mtu mwingine. Alichokiona ni vidole vya Orpa, vyenye alama za sindano, vikimnyooshea simu.

"Unisomee yale saba."

"Leo? Ezechiel, leo si siku ya..."

"Yote. Mbele yangu."

Wakakaa kwenye benchi nyuma ya darasa. Alisoma. Kwenye la nne sauti yake ilikatika, na Ezechiel akasikia uchungu, kwa mara ya kwanza tangu ayaone majibu hayo. La saba lilipokwisha, Ezechiel alimfuta vumbi usoni kwa kiganja.

"Likikuja baya lingine, tutalisoma pamoja. Mu nyumba yetu. Unakubali?"

Orpa alishika kola iliyofumuka ya shati la Ezechiel.

"Mama yangu iko mu mutaa ya Area 36," alisema. "Ukuje Jumamosi, umuombe ruhusa. Na hiyo shati uitoe kwanza, niishone kola."